Bernadine na Wana wa Watu

Ukimuuliza Bernadine Hlavac ana watoto wangapi, atakwambia arobaini na watatu, wala hatacheka. Arobaini na wawili ni wachezaji wa besiboli. Mmoja alimzaa mwenyewe, na huyo humtaja mwisho.

Mjini Brannock hakuna aliyeona ajabu. Kiwanda cha vioo kilipofungwa, vilivyobaki ni makanisa mawili, hospitali nusu, baa za kutosha, na timu. Timu ilikuwa ya ligi ya chini, mali ya klabu kubwa iliyo mbali huko. Klabu ilileta vijana wake Brannock kuwapika, na walioiva ikawachukua. Mshahara wao ulikuwa wa kununulia soksi, basi wenyeji wakawa wanawapa vitanda kuanzia Aprili mpaka Septemba, bure kabisa. Malipo ya mama mwenye nyumba yalikuwa tiketi mbili na kuitwa mama.

Na Bernadine alipenda kuitwa mama, jamani, alipenda mno! Kwa miaka thelathini na mmoja hakukosa mchezo hata mmoja wa nyumbani, isipokuwa siku aliyomzika mumewe Walt, na hata siku hiyo redio ilikuwa jikoni, sauti chini. Alikuwa akiwapikia haluski, ile ya kabichi na tambi na siagi isiyohurumiwa. Akiwafulia. Kijana wa Santo Domingo asiyejua neno la Kiingereza, Bernadine ndiye aliyemfundisha kuomba chumvi, na yule wa Alabama aliyelia kila akipiga simu kwao aliketi naye kitandani mpaka akanyamaza.

Wengi waliondoka bila kuaga. Ndivyo kazi yao ilivyo: simu moja, umepandishwa au umetemwa, basi liko mlangoni. Bernadine alikuwa akirudi sokoni anakuta kitanda kimetandikwa na dawa ya meno imesahauliwa. Wengine walituma kadi za Krismasi, mwaka wa kwanza, wa pili, kisha kimya. Mmoja tu ndiye aliyefika ligi kubwa kweli. Siku hiyo Bernadine alimwona kwenye televisheni akipunga mkono na kusema, "Nakupenda, Mama." Fern Pruitt, jirani yake, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, akamwambia, "Shoga, huyo anamsalimia mamake."

"Si amesema Mama? Basi na mimi nimo."

Ukipenda, chongo huita kengeza, nawaambia.

Sasa huyu wa kumzaa. Jina lake Leland, na alikuwa na miaka kumi na miwili mchezaji wa kwanza alipokuja. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala: cha baba na mama, na cha Leland. Basi kila Aprili Leland alichukua mto wake akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kule kwenye mashine ya kufulia, akalala kwenye kochi hadi Septemba. Alifanya hivyo miaka saba. Hakupiga kelele, hakununa mezani, na mamake akachukulia kwamba mtoto ameridhika. Mtoto mpole ana hasara yake. Alipofika kumi na tisa alihama, akasoma, akarudi kufundisha hesabu, akanunua nyumba Kilima cha Machimbo, upande ule wa mji wenye barabara mbovu na wazee wengi. Watu wa Machimbo walimpenda wakampa kiti kwenye baraza la mji.

Haya basi. Mwaka juzi klabu kubwa ikaleta maneno. Uwanja wa Brannock umechakaa. Taa hazifai, vyumba vya kubadilishia nguo ni aibu. Mji ujenge upya, la sivyo timu inahama. Meya akaja na mpango: kodi iongezwe kwenye kila kitu kinachouzwa mjini kwa miaka thelathini. Na kwa kuwa hata hiyo haikutosha, kituo cha zimamoto cha Machimbo kifungwe. Wajumbe wa baraza ni saba. Watatu walisema ndiyo, watatu hapana. Wa saba alikuwa Leland Hlavac, na alikuwa kimya.

Jumapili moja Bernadine akamwita kula. Fern naye alikuwepo, maana Fern alikuwepo siku zote.

"Mwanangu," Bernadine akaanza kabla hata sahani hazijafika, "hiyo kura utaipiga vizuri, sivyo?"

"Bado nasoma, mama."

"Unasoma nini? Timu ikiondoka mji huu umekufa."

"Umeshakufa, bibie," Fern akadakia, mdomo umejaa tambi. "Tunachogombania ni shada la maua. Hebu niambie, hiyo timu inatuletea nini? Watu walewale, wanakula soseji zilezile. Mimi nikienda uwanjani Ijumaa, siendi kucheza bolingi kwenye ukumbi wa Duane. Hela imetoka mfuko huu imeingia ule. Umepata nini hapo?"

"Nimepata furaha! Wewe hujui furaha, Fern, ndiyo maana mume wako alihamia Ohio."

"Alihamia Ohio kwa sababu ya haluski yako hii, alikuwa anaogopa kufa."

Wakacheka wote watatu. Kisha Leland akaweka uma chini. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, hata darasani watoto walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Mama, sikiliza. Fern anasema kweli. Nimepiga hesabu mara tatu. Uwanja hauongezi kazi, unaongeza vibarua wa miezi mitano. Na kituo kikifungwa, gari la zimamoto litachukua dakika kumi na sita kufika kwetu. Sasa hivi ni tano."

"Kwani Machimbo kuna moto kila siku?"

"Na kuna jambo jingine." Akasita. "Nataka ulisikie kwangu. Mkataba mpya unasema klabu itawapangia wachezaji fleti. Sheria mpya, nchi nzima. Hawatakaa tena kwenye nyumba za watu. Hata tukiijengea hiyo timu uwanja wa dhahabu, chumba chako hakitapata mtu."

Bernadine akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema upuuzi kanisani. "Fleti watalala. Kula watakula wapi? Wale watoto wanataka mama, Leland. Watakuja tu. Hawakuwa wakifuata kitanda."

Fern alifungua mdomo, akaona uso wa Leland, akaufunga. Hiyo haijawahi kutokea kabla ya hapo.

Mimi nasema hapo ndipo lilipokuwa kosa, na ni kosa la mama wa wachezaji, huwezi kulikuta kwa mwingine. Mtu aliyepewa shukrani thelathini na moja za mwezi Septemba anaweza kuamini kwamba yeye ndiye aliyefuatwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Ila hatusemi mwenyeji afanye nini siku mgeni akipata pa kulala pengine.

Kikao cha baraza kilijaa mpaka ngazini. Kila mwananchi alipewa dakika tatu, na mezani kuna taa, ikiwa nyekundu unakaa. Bernadine alivaa jezi ya timu juu ya gauni la kanisani. Hakuzungumzia kodi wala ajira. Alianza kuwataja. "Hector Villafane, wa kwanza, alikuwa anaogopa mbwa wetu. Tommy Rasmussen, mwenye goti bovu. Okada, aliyenifundisha kupika wali ukapikika." Aliwataja mmoja baada ya mwingine, mwaka na mji aliotoka, bila karatasi, na ukumbi ukaanza kupiga makofi kila jina. Watu wazima walilia. Taa ikawa nyekundu.

"Bibi Hlavac," Meya akasema kwa upole, "muda umekwisha."

"Mwacheni amalize," Leland akasema kutoka kwenye kiti chake.

Akamaliza. Arobaini na wawili wote. Kisha akamgeukia mwanawe mbele ya watu wote. "Mwanangu, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Usinifungie mlango."

Leland akakaribia kipaza sauti. "Nina swali moja kwa mzungumzaji. Huyo mwenye chumba, alikuwa wapi wakati wote huo?"

Ukumbi ukaangua kicheko, wakidhani ni utani wa mama na mwana. Bernadine naye akacheka. "Alikuwa chini, kwenye ubaridi mzuri! Alikuwa anapenda kule!" na watu wakacheka zaidi.

Leland hakucheka. Alipoitwa jina lake apige kura, alisema, "Ndiyo," kwa ile sauti yake ndogo, mpaka karani akamwomba arudie. Nne kwa tatu. Watu wa Machimbo walioketi nyuma walisimama wakatoka, na mmoja wao, mzee mwenye mtungi wa hewa ya kupumulia, alishikwa mkono na mkewe kwa sababu ngazi zilikuwa nyingi.

Uwanja ukajengwa. Aprili ikafika. Bernadine alibadilisha mashuka, akanunua godoro jipya, akaketi karibu na simu. Siku ya tatu akaipiga mwenyewe. Msichana wa ofisi ya timu alimwita "mpenzi wangu", akamshukuru kwa kujitolea kwake kote, akamwambia vijana wako kwenye fleti za kule nyuma ya uwanja, wote, na mpango wa zamani umefungwa rasmi.

Basi akapika. Alipika haluski ya watu ishirini, akaibeba kwenye sufuria mbili mpaka mlangoni kwa hizo fleti. Kijana mmoja mrefu akashuka na masikio yake yamezibwa na muziki. Akaambiwa ni chakula. Akasema, kwa adabu zote, kwamba wana mpishi wa klabu na hawaruhusiwi kula vya nje, lakini ahsante sana, bibi. Alimwita bibi. Kisha akamfungulia mlango wa gari, akazirudisha sufuria kitini, akamfunga mkanda kama mgonjwa.

Hakwenda nyumbani. Alipanda Kilima cha Machimbo, akapita kituo cha zimamoto chenye mnyororo mlangoni, akasimama kwa Leland. Leland alikuwa uani anang'oa vibao vyake vya uchaguzi uliopita. Majirani zake walishamwambia asiwahesabu tena kwenye kura, na mmoja alikuwa ameacha kumsalimia. Alipoona sufuria hakuuliza kitu. Alizibeba ndani, akatoa sahani mbili, akapakua.

Walikula. Bernadine ndiye aliyeanza.

"Ulijua hawatakuja."

"Nilikwambia, mama."

"Uliniambia. Sasa mbona ulisema ndiyo? Si ungekataa tu! Ungeniokoa na aibu hii, na hawa watu wako wangebaki na gari lao."

"Ningekataa, ungeamini mpaka unakufa kwamba nimelipiza kisasi. Kwa ajili ya kile chumba." Akafuta mdomo. "Nilikuwa nimechoka, mama. Watu wote wale, wanakupigia makofi. Nilikosea. Ni kosa langu, si lako, na nitalijibu mimi."

Bernadine alimtazama. Mwana wa miaka arobaini na mitatu, nywele zimeanza kumtoka, na mama hakumbuki mara ya mwisho alipomtazama hivi, kwa kukaa naye tu. Akauliza lile ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Kule chini, Leland. Si ulikuwa unapapenda?"

"Kulikuwa na panya."

"Panya! Ebo, mbona hukusema?"

"Nilisema. Usiku wa kwanza nilikuja mpaka mlangoni kwenu. Uliniambia nishushe sauti, mchezaji amelala."

Alisema bila hasira, kama anayemwambia mtu ni saa ngapi. Bernadine alitafuta usiku huo kichwani mwake. Alimkumbuka Hector, na mbwa, na hata kile Hector alichokula jioni ile. Mtoto mlangoni hakumwona. Aliinamia sahani yake akaanza kulia, na Leland akainuka kumletea maji.