Mikoba Inayoshonwa Mdomo

Asubuhi, mlango wa chumba cha mbele uko wazi kabisa ili mwanga uifikie meza ya cherehani. Mwanamke wa makamo ameinamia kipande cha turubai la bluu. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na turubai ni gumu. Kila anapofika penye mkunjo, anaondoa miguu kwenye pedali na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Sindano inakatika. Anachomoa nyingine kwenye ukosi wa gauni lake bila hata kuitazama.

"Turubai halitaki haraka," anasema. "Ukilikimbiza, linakuvunjia sindano. Ukilivumilia, linashoneka."

Majirani wanamwita Mama Uzi. Riziki yake inatokana na sare za shule, mapazia, na kupunguza suruali za wanaume ambao, kwa maneno yake, hununua kwa macho wakasahau kwamba wana kiuno. Lakini tangu tufani ilipokipiga kisiwa hiki mwaka juzi, kazi anayoitanguliza ni moja: kuhakikisha kwamba kila nyumba ya mtaa wake, ulio chini kabisa karibu na ufuo, ina mkoba wa dharura.

Bei ya mkoba mmoja ni sawa na ya kupunguza suruali mbili. Asiyekuwa nacho hupewa bure. Mumewe, baharia wa boti ya abiria ambaye huwa nyumbani siku chache kwa mwezi, humtania kwamba anatwanga maji kwenye kinu.

"Namjibu kwamba siku maji yatakapokuja yenyewe, kinu kitakuwa tayari," anasema.

Mkoba huo una kamba mbili za mabegani. Haushikwi mkononi, kwa kuwa wakati wa kukimbia mkono mmoja ni wa mtoto na mwingine ni wa kujishikilia. Ndani kuna maji, biskuti, tochi na betri zake, filimbi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, nakala za vyeti na dawa za mgonjwa wa nyumba hiyo.

Kinachowashangaza wageni ni mdomo wake. Hauna zipu wala kifungo. Mkoba ukishajazwa, mdomo hushonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Anayetaka kitu ndani sharti aukate uzi.

"Zipu haina ushahidi," Mama Uzi anaeleza. "Inafunguka, inafungwa, nayo inanyamaza. Uzi ukikatwa unasema."

Somo hilo lilikuja kwa gharama. Kabla ya tufani, kila kaya ilikuwa imegawiwa mkoba wa zipu. Watu waliitundika nyuma ya milango, wakashukuru, kisha wakaigeuza duka. Kiberiti kimeisha jikoni? Kimo mkobani. Betri za redio zimechoka? Zimo mkobani. Kila mmoja alichukua kwa nia njema ya kurudisha kesho, na kesho ya mkopaji huwa haipambazuki.

Tufani ilipofika, mchana kweupe, mtaa mzima ulipanda mbio hadi shule iliyo juu ya kilima, mikoba mgongoni. Walipoifungua darasani walitazamana. Mmoja alikuta kitana na soksi ya mguu mmoja. Mama Uzi alikuta nusu ya mshumaa na karata za kuchezea.

Dawa za presha za mama mkwe wake hazikuwamo. Bibi huyo alikuwa amezimaliza kidogokidogo, kila za chumbani zilipokwisha, kwa sababu magoti yake hayakupenda kilima cha zahanati. Zahanati nayo iliishiwa dawa, bahari ikachafuka karibu wiki nzima, na boti ya kuleta nyingine haikuthubutu kuja. Kabla haijafika, mdomo wa bibi ulikuwa umekwenda upande kwa kiharusi. Mdomo umerudi, lakini mguu wa kushoto haukurudi. Sasa anauburuta, na kilima hakipandi tena kwa miguu yake.

"Daktari alituambia kwamba mara ya pili huenda asipone," anasema Mama Uzi, huku akishusha sauti, kwa kuwa mhusika ameketi chumba cha pili. "Kwa hiyo sishoni mikoba. Namshonea mama yangu mlango wa kutokea."

"Nasikia!" sauti inajibu kutoka ndani. "Mguu ndio umekufa. Masikio mazima."

Kila Jumamosi Mama Uzi hufanya ukaguzi. Hubeba sindano, mkasi na kibunda cha uzi mwekundu, kisha hupita nyumba hadi nyumba.

"Hodi! Mkoba!"

"Karibu, askari," anaitikia fundi baiskeli, mikono imejaa grisi. "Siku hizi hata salamu hatupewi?"

"Mkoba kwanza, shemeji. Salamu haziozi."

Fundi anauleta taratibu, kama mwanafunzi anayepeleka ripoti mbaya. Mama Uzi anaugeuza. "Mbona uzi huu ni mweupe?"

"Umepauka."

"Umepauka ndani ya kabati?"

Kicheko kinalipuka jikoni. "Mwambie ukweli, baba watoto!" mkewe anapaza sauti. "Alijikata na spoki, akatafuta plasta. Kisha akashona kwa uzi wa shati lake!"

"Kwa hiyo tangu lini shati lako halina kifungo, shemeji?" Mama Uzi anauliza. Anatoa plasta mpya mfukoni, anaitia ndani na kushona upya. Hamgombezi. Anasema mtu akigombezwa hujifunza kuficha.

Kuficha huko alikukuta hata nyumbani kwake mwenyewe.

Mwezi uliopita mtaa ulifanya zoezi la kuhamia shuleni. Vijana wanne walimpandisha mama mkwe wake kwa kiti cha turubai alichokishona yeye, chenye mishikio minne. Bibi alipanda kilima akipungia watu mkono kama bi harusi. Darasani, Mama Uzi aliushika mkoba wa nyumba yao kwa ajili ya kuuhakiki mbele ya wote. Uzi ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mzima. Akasita.

"Mshono wangu wa mkono hupinda kushoto," anasema. "Miaka yote nimejaribu kuunyoosha, nimeshindwa. Ule ulikuwa umenyooka kama rula. Kisiwani namjua mtu mmoja tu anayeshona vile, naye ndiye aliyenifundisha kushika sindano nilipoolewa."

Alikata uzi. Pakiti ya dawa ilikuwa tupu.

Waliporudi nyumbani, aliiweka pakiti hiyo mapajani mwa bibi.

"Nilikuona umeinama tangu asubuhi," bibi alijitetea. "Ningekuambiaje uache kazi za watu upande kilima kwa ajili ya vidonge vyangu?"

"Mama, mtaa mzima nimeushonea. Nikikupoteza wewe, nitakuwa nimeshona nini?"

 Bibi akauvuta mkoba, akaupapasa ubavuni na kusema, "Tatizo ni kwamba umetushonea mkoba wa malaika. Sisi tunakopa. Tuwekee pa kukopa."

Hapo ndipo muundo ulipobadilika. Kila mkoba mpya sasa una mfuko wa nje, wenye kifuniko kisichoshonwa. Humo mna kiberiti, plasta, betri na dawa za siku chache. Ukipungua, mwenye nyumba hutundika kitambaa chekundu mlangoni, na yeyote anayepanda zahanati au dukani siku hiyo humletea. Mdomo mkuu unabaki umeshonwa.

Msimu wa mvua unakaribia, na nyumba chache, ikiwamo ya fundi baiskeli, bado zina mikoba ya zamani isiyo na mfuko huo. Mama Uzi amepania kuzimaliza kabla boti hazijapunguza safari. Baada ya hapo atashona viti vya kubebea, kimoja kwa kila asiyeweza kupanda kilima. Ukaguzi wa Jumamosi sasa una mkaguzi mkuu: mama mkwe, ambaye huletewa mikoba inayotiliwa shaka pale alipoketi na kuipapasa mishono kwa kidole gumba.

"Mwizi wa zamani hadanganywi," anasema kwa fahari.

Mkoba wake mwenyewe uko mapajani, dawa mpya zimo ndani. Mkaza mwana wake anamkabidhi sindano. Bibi anaitazama, kisha anamrudishia.

"Shona wewe," anasema. "Mshono wangu mzuri mno, hauaminiki."

Mama Uzi anainama na kushona. Mshono unapinda kushoto, mwanzo hadi mwisho. Bibi anaukagua, anaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuikata kwa meno ncha ya uzi iliyozidi.