Mchumba Asiye na Wazee

Filamu bubu ya mapenzi, iliyotengenezwa kabla babu yangu hajazaliwa, haihitaji mtu wa kuipigia kelele. Lakini ile niliyouziwa dukani hapa Garissa ilikuwa imepakwa sauti ya dijei mmoja anayebwabwaja mwanzo hadi mwisho, akivicheka vichekesho kabla mimi sijavifikia. Nilishikwa na kinyaa hadi chai ikanishinda. Nikazima sauti.

Bila yeye, filamu ni tamu. Nimeitazama mara sita. Mtu aliyeishia kidato cha nne na asiyependa kutoka nyumbani ana nafasi hiyo. Maskini mmoja anakwenda kumposa binti wa tajiri, suruali inachanika nyuma langoni, basi anaongea na baba mtu huku amejibanza ukutani, kisha anaondoka kinyumenyume akiinama kila hatua. Baba mtu anadhani ni adabu. Halisemwi neno, lakini mabega ya yule bwana yanakuonyesha aibu yote ya mwanamume anayetaka mke.

Nilitaka eedo, dada yake marehemu baba, ayaone mabega yale. Nilikuwa na shida yangu. Kwetu mwanamume hajiposei, wazee humwendea. Ami zangu hawaendi popote eedo asipowatuma, na mimi, miaka arubaini na moja, namtaka mjane mmoja mshonaji wa mtaa wa Galbet. Nilidhani eedo akicheka kidogo, nitamwambia.

Hakucheka.

"Nguo imechanika na bado anaingia kwa watu?"

"Hana la kufanya, eedo."

"Wazee wake wako wapi?"

"Hana."

"Hata mjomba? Eedo, mtu hakosi mjomba." Naye huniita eedo vilevile, ndiyo desturi yetu. "Aliwafanyia nini ndugu zake hata wakamwacha aende peke yake?"

Kwenye filamu, kijana akalamba kijiko cha wenyeji, akakirudisha kwenye sukari. Eedo akaziba pua kwa shela, kana kwamba kioo kinanuka. Kijana na binti walipobusiana, eedo aligeukia ukuta, akaniuliza kama wamemaliza. Ikabidi nitazame ndipo nimjibu, na hilo likamchukiza zaidi.

"Mtu mchafu hivi, wewe unampendea nini?"

Nikasema angalau ana ujasiri, kwenda mwenyewe.

Akanigeukia taratibu. "Wewe umekwenda wapi?"

Nilikichukia kinywa changu. Nikaeleza: Ijumaa iliyopita nilisimama mlangoni kwa mshonaji wa Galbet na tikiti maji. Nikatoa salamu, nikaliweka chini, nikaondoka.

"Hukusema unachotaka?"

"Sikusema."

"Peke yako. Mchana. Na tikiti." Alitamka kila neno kama anayetema mchanga. "Watu walikuona?"

"Kidogo."

Alinitazama kuanzia kandambili hadi kofia, kwa uso uleule aliomtazamia yule wa kijiko. Nikajiona nilivyo, na sikujipenda. Heri ningechanika suruali tu. Kisha akatafuta simu mkobani, akampigia ami yangu mkubwa. Hakunitaja.

"Tafuta wazee wawili," alimwambia. "Kesho baada ya alasiri mwende Galbet. Kuna uchafu umemwagwa mlangoni kwa watu. Nendeni mkaugeuze uwe posa."