Sarara ya Matiya

Wateja wengine wakifika kwenye bucha yangu hapa Gumbo huangalia mafuta, kisha huangalia uso wangu waone kama nimechoka kubishana. Matiya aliangalia nyuzi za nyama. Angeigeuza kwa kidole, afuate mistari yake kama seremala anayechagua ubao, ndipo aniite kwa jina la mwanangu, "Mama Lako, kata hapa. Unene wa vidole viwili." Bei hakubishana. Mtu asiyebishana bei mimi humshuku, lakini huyu alikuwa hivyo tu. Miaka tisa alipika hotelini kando ya mto. Hoteli ilipofungwa alibaki na kisu chake, na huu ulikuwa mwaka wa tatu anapasulia watu kuni.

Jumamosi moja alikuja alfajiri, shati limepigwa pasi. Mama mmoja Mkenya, Roselyn, alikuwa anafungua hoteli mtaa wa Buluk, ng'ambo ya mto, na anatafuta mpishi wa steki. Jiko lake lilikuwa halijaisha, kwa hiyo angekuja nyumbani kwa Matiya.

"Anasema kuchoma kila mtu anachoma," Matiya aliniambia. "Anataka kuiona nyama kabla ya moto. Kesho anarudi Nairobi. Akinikosa mimi, anaajiri wa huko."

Nikamkatia vipande viwili vya sarara, nyama laini ya mgongoni. Akaonyesha cha tatu. "Hiki niwekee, mama. Jambo likiharibika nikimbilie kwako."

"Mimi siweki nyama. Bila barafu haiwekwi. Nunua au acha."

Akaacha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mkewe, Erina. Matiya hakuiosha ile nyama. Aliifuta kwa kitambaa safi mpaka ikakauka, akatwanga chumvi ya mawe, akainyunyiza kutoka juu kama anayepanda simsim. Akaitundika kivulini chini ya wavu, upepo uipate. Chumvi itatoa maji, alisema, kisha nyama itayanywa tena, na juu itakauka tayari kwa moto. Kitunguu saumu na pilipili manga akaviweka kando kwa sababu huungua mapema.

"Usiiguse," akamwambia mkewe, akaenda Buluk kumchukua mgeni, maana vichochoro vya Gumbo havina majina. Wangerudi saa sita.

Lori moja likakwama darajani, likaziba njia. Saa sita ikawa saa tisa, na simu ya Erina haikuwa na chaji.

Sasa mwanamke wa hapa afanye nini? Nyama ya alfajiri, jua limesimama kichwani, nzi wanazunguka wavu, na nyama yenyewe imeanza kuwa nyeusi pembeni. Mgeni yuko njiani. Erina aliiosha mara mbili kwa ndimu, akaikatakata itoshe watu wengi, akaichemsha na vitunguu mpaka ikalainika. Hata mimi ningeichemsha.

Walipofika, ilikuwa imeshaiva. Nilimwona Matiya akija buchani mbio, shati limelowa.

"Mama Lako, kile kipande."

"Kilinunuliwa saa tatu. Nina kwato na matumbo."

Akayatazama matumbo. Nadhani aliyafikiria kweli. Akauliza bucha za jirani, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimemaliza. Hapa nyama haisubiri jioni. Nikamfuata nyumbani, na sikwenda kumpa pole. Mwenye hoteli ni mteja.

Roselyn alikuwa ameketi chini ya mabati, mkoba mapajani, bakuli mbele yake.

"Kula, mama," Erina alikuwa anasema. "Iko laini kabisa. Hata jino moja inatosha!"

Roselyn akacheka. "Ni tamu, kusema ukweli."

"Madam, ilikuwa tayari," Matiya akasema. Hakuketi. "Chumvi niliitia saa moja. Ungeiona ilivyokauka. Nipe mpaka kesho asubuhi tu."

"Kesho saa moja niko uwanja wa ndege, Matiya. Nakuamini. Lakini nilikuja kuona, na sijaona." Akanigeukia. "Hii nyama ni yako?"

Nikampa namba yangu. Akaiandika, akashukuru, akaondoka.

Erina alimgeukia mumewe, mwiko mkononi. "Baba Betty, mimi nilikosa wapi? Nyama ilikuwa inaharibika. Mgeni akule kitu imeoza, atuseme?"

"Hukukosa."

"Sasa mbona hukuli?"

Akaketi. Akala.

Mpishi kutoka Nairobi alifika baada ya wiki mbili. Kila Jumamosi huchukua sarara yote. Nyuzi haangalii, bei anabishana vizuri, tunaelewana. Kile kipande cha tatu nimekifikiria. Hata leo nisingekiweka.

Matiya siku hizi hununua mifupa. Juzi niliipima, akaomba ndoo yangu ya maji, akachuchumaa, akaanza kuiosha, mmoja mmoja, mpaka maji yakawa mekundu.

"Matiya, wewe unaosha nyama?"

"Inachemshwa tu, Mama Lako," akasema, hakuinua kichwa.