Fundi Alisema Gari Limechezewa, Nikauvunja Mkono wa Wifi Yangu

Mkosaji ni mimi. Nalisema mwanzo kabisa, shoga yangu, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Nilimpiga wifi yangu kwa spana ya magurudumu, mchana kweupe, mlangoni kwake, na mkono nilioupiga ndio uliokuwa ukiwachora piko mabibi harusi kuanzia Pongwe mpaka mjini Tanga. Sasa mkono huo hauwezi hata kufunga kifungo.

Majina nimeyageuza. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Kwanza unijue. Mimi mkono wangu ni mwepesi tangu utoto. Kwetu Maramba nilimng'oa jino binti wa jirani kwa ugomvi wa ndoo ya maji, mama akaniita Pilipili, nami nikakua nikidhani ni sifa! Nikaolewa Pongwe na mkono huohuo. Aliyeniweza alikuwa mtu mmoja tu, dada wa mume wangu, nitamwita Mwanaidi. Yeye hagombani, anatania. Unamjia na hasira zako, anakuchekea mpaka unasahau ulichojia.

Nyumba yake iko pale unapoacha lami kuingia mtaani kwetu. Mbele ya mlango wake wakazi walijenga tuta baada ya pikipiki kumgonga mtoto, kwa hiyo kila mwenye gari hupunguza mwendo pale, apende asipende.

Nina kigari kikuukuu cha kupelekea chapati na sambusa mashuleni na maofisini. Mwaka jana kikaanza tabia. Barabara kuu kinakwenda vizuri, Muheza nafika bila shida. Nikirudi, nikikata kona kuingia mtaani, nikiondoa mguu kwenye mafuta ili nipande tuta, kimya! Kimezimika. Usukani unakuwa mzito, taa zote za dashibodi zinawaka, na nyuma sambusa zilizobaki zinamwagika.

Na barazani yuko Mwanaidi na bakuli lake la piko, mguu juu ya mguu.

"Punda kagoma, wifi? Mpe pumba!"

Siku ya kwanza nilicheka. Siku nyingine nikacheka kwa meno tu. Baadaye nikawa nikisikia sauti yake damu inanichemka.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Tukabadilisha, likazimika. Wa pili alisema filta ya petroli. Tukabadilisha, likazimika palepale mbele ya Mwanaidi, "Punda bado kagoma, wifi?" Nikageuza, nikarudi kwa yule fundi, nikamrushia filta yake usoni ikampasua mdomo. Alitema damu akaniambia, "Mama, gari ni mashine, haisikii matusi." Nikamwongeza na kofi. Hilo nalo naliungama leo, maana sijawahi kumwomba radhi.

Ndipo nikaanza kupima mwenyewe. Vipimo gani, Yarabi! Nikajiuliza, linazimikia wapi? Mlangoni kwa Mwanaidi. Linazimika lini? Yeye akiwa barazani. Na kila asubuhi Mwanaidi hufagia, kisha humwaga maji barabarani, palepale kwenye tuta. Alikuwa akituliza vumbi, kifua chake hakipatani na vumbi, mtaa mzima unajua na mimi najua. Lakini nilishashika njia ya shaka. Yale maji nikaanza kuyakwepa kwa miguu.

Siku moja likazimika sokoni nikitafuta pa kuegesha. Mwanaidi hayupo hata kwa dawa. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, "Lazima kapita hapa asubuhi!" Jamani, ukishaamua kumwona mchawi, utamwona hata kwenye kivuli chako.

Siku ya balaa nilimpelekea fundi wa tatu, Mbondei mmoja mwenye maneno ya polepole, neno linatoka leo lingine kesho. Akainamia injini, akachungulia, akawasha, akaachia, likazimika. Akachungulia tena. Kisha akasema:

"Mama, gari hii imechezewa."

Neno hilo, shoga! Fundi akisema imechezewa, maana yake kuna mtu kagusa asipopajua. Sisi wengine tukisikia fulani kachezewa, tunajua kafanyiwa mambo. Mimi nilisikia kile nilichokuwa nimekwenda kukisikia.

"Nilijua!" nikapiga kelele gereji nzima ikageuka. "Mwanamke, siyo?"

"Mimi nitamjuaje, mama? Ila ni mtu wa karibu, anayeifikia gari kila siku. Ngoja nikuoneshe, hapa kwenye..."

"Funika!"

"Mama, sijamaliza..."

"Funika nimesema, nisije nikakufunika wewe!"

Akafunika. Nikaondoka natukana peke yangu njia nzima. Spana iko chini ya kiti, nimeshaigusa mara mbili kuhakikisha ipo. Nikakata kona, nikaondoa mguu kwenye mafuta, na kigari kikazimika juu ya tuta kama kawaida yake.

"Leo punda kalala kabisa!" Mwanaidi akacheka. Kisha akanitazama vizuri. "Njoo unywe maji, wifi, una jasho."

"Maji yako wanyweshe wachawi wenzako!"

Nikashuka na spana mkononi, nikaanza na bakuli. Nililipiga teke, piko ikaruka ukutani. Akasimama, bado kama anayetaka kutabasamu, hajui kama ni utani au nini. Nikamkaba na khanga yake shingoni nikamsukuma mpaka mlangoni.

"Umeniwekea nini kwenye gari? Sema!"

"Kuweka nini, wifi?"

Nikampiga begani. Akapiga yowe. Nikanyanyua tena, na hapa nitasema ukweli ambao hata polisi sikuwaambia: nililenga kichwa. Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Spana ikatua kwenye kifundo cha mkono, nikausikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Mtu mwingine angeacha. Mimi nikapiga mara ya tatu, vidole vimeegemea fremu ya mlango.

Majirani walinirukia. Mmoja alinipiga ubao mgongoni, mwingine akanivuta nywele mpaka barabarani, nikala mateke, nikala mchanga. Kuna aliyeitisha petroli wanichomee gari na mimi ndani yake. Nilimng'ata mtu mkono, sijui hata nani. Kama Baba Nasra, mume wangu, asingefika mbio na kunilalia, leo usingesoma haya.

Mwanaidi alikuwa amekaa chini kizingitini, mkono ameupakata. Hakuwa akilia. Alikuwa akiuliza tu.

"Nimekufanya nini? Wifi, nimekufanya nini?"

Yeye alipitia polisi kuchukua fomu ya matibabu ndipo akapelekwa hospitali. Mimi nilibaki polisi, nikalala sakafuni na mdomo umevimba. Na nikwambie ubaya wangu ulivyokuwa: usiku ule bado nilikuwa najiona nina haki!

Waliponiachia kwa dhamana, Baba Nasra hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka gereji. Gari lilishasukumwa mpaka kule. Tulipofika akamuuliza fundi, "Ulimwambia nini mke wangu?"

"Nilimwambia imechezewa, mzee. Hakuniacha nimalize." Akafunua boneti. "Njooni muone. Hii ni skrubu ya silensa."

Silensa, kama hujui, ni ule mngurumo mdogo wa injini gari likiwa limesimama, hujakanyaga mafuta.

"Mtu kaikaza na bisibisi, kaikaza haswa, mpaka kichwa kimechubuka," fundi akaendelea. "Ukiachia mafuta, injini inakosa hewa. Na hii throto, hapa hewa inapopitia, imejaa masizi. Ukikimbia, iko sawa. Ukipunguza mwendo inazima. Kwenye tuta, kwenye kona, kwenye foleni, popote."

"Popote?" Baba Nasra akauliza.

"Popote, mzee. Haichagui."

"Na huyo aliyeikaza?"

Mimi nikatazama chini, maana bisibisi ile naijua. Petroli ilipopanda bei, nilimwona mtu kwenye simu akielekeza kwamba ukikaza skrubu fulani gari halili mafuta. Nikatoka uani, nikafunua, nikakaza mwenyewe. Mngurumo ukashuka, injini ikatulia, nikajiona injinia! Kwa siku kadhaa likaenda bila tatizo lolote, nikasahau kama niligusa kitu. Mafundi wote watatu sikuwaambia. Mtu wa karibu, anayeifikia gari kila siku.

"Ni wewe," Baba Nasra akasema. Hakuwa akiuliza.

Nikakaa chini palepale kwenye oili. Fundi alisafisha throto kwa kitambaa na petroli, akalegeza skrubu, akawasha. Gari likanguruma, likatulia, halikuzimika. Kazi yenyewe ilikwisha kabla chai yake haijapoa.

Hospitali walimtia Mwanaidi vyuma. Mfupa uliunga, vidole vikakataa. Vitatu havikunji, na kidole gumba hakina nguvu. Kile kijiti chembamba cha piko kinamponyoka kila akikishika. Wazee wa pande zote mbili walipokaa, wengi walitaka nifungwe au nipewe talaka, na shemeji yangu mmoja alinizaba kibao mbele yao wote. Sikumrudishia. Mwanaidi aliomba kusema.

"Kesi sitaki. Talaka asipewe, ana watoto. Ninachotaka ni kimoja, asikanyage barazani kwangu mpaka mkono huu utakaposhika kijiti."

Basi sijakanyaga. Baba Nasra kila jioni anakwenda kula kwa dada yake, na kumlisha kwa kijiko siku anapozidiwa na maumivu. Anarudi ameshiba, analala amenipa mgongo.

Miezi michache iliyopita Nasra, binti yangu mkubwa, aliolewa. Tangu akiwa mdogo, kila sikukuu shangazi yake humkalisha barazani akamchora maua mikononi na miguuni, na walishaahidiana kwamba siku ya harusi atamchora mpaka kwenye viwiko. Nilileta mchoraji hodari kutoka mjini. Nasra akaficha mikono ndani ya khanga.

"Kama si shangazi, sichorwi."

"Nasra, watu watasema nini? Bibi harusi mikono mitupu?"

"Sichorwi, mama."

Nikambembeleza, nikamsihi, nikamtisha. Akatikisa kichwa tu. Na mimi, shoga yangu, baada ya yote yale, nikanyanyua mkono nimzabe kofi. Mwanangu akafumba macho akainua mkono wake kuukinga uso.

Mkono wangu ulibaki hewani. Yule mchoraji akakusanya vitu vyake taratibu akatoka.

Nasra aliingia ukumbini na mikono yake ikiwa vilevile alivyozaliwa nayo. Akina mama waliomshika mkono kumpongeza walishtuka, wakamuuliza piko iko wapi. Akawajibu wote jibu moja, "Muulizeni mama." Wakaja. Kila aliyeniuliza nilimweleza, kuanzia skrubu mpaka spana, huku ngoma inapigwa.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye gari linalozimikazimika. Mwache fundi amalize sentensi yake, na umwambie ulichogusa, hata kama ni aibu. Jirani na ndugu waache kwanza. Na wewe uliyezaliwa na mkono mwepesi kama wangu, unayesifiwa kwamba huonewi, ushike mkono wako leo. Usingoje mpaka siku ukiunyanyua, aliyejikinga uso awe mwanao.