Tarumbeta na Bahati za Kiwanda

Kwa mujibu wa Tarumbeta, timu ya Kiwanda haikuwahi kufunga goli hata moja. Magoli ya Kiwanda yalikuwa yanatokea tu, kama mvua, au kama mgeni wa wakati wa chakula. Mshambuliaji wa timu ya Soko alipotia mpira wavuni, redio zote za mji zilitetemeka: "Akili! Akili tupu! Huyu angesomeshwa, leo tungekuwa na daktari!" Wa Kiwanda akitia mpira uleule, kwenye kona ileile ya wavu, mtangazaji alinyamaza kidogo, akashusha pumzi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi: "Bahati. Umeingia. Bahati."

Mchezaji wa Soko akianguka, alikuwa amevunjwa. Wa Kiwanda akianguka, alikuwa amechoka kusimama. Na Kiwanda walipovuka katikati ya uwanja kwa nia mbaya, Tarumbeta alikumbuka ghafla uzuri wa mazingira. "Nyasi za uwanja wetu, wasikilizaji," alisema, "mwaka huu zimestawi kweli."

Hakuwa mwongo. Alikuwa mnadi. Kabla ya redio alinadi mitumba pale sokoni, amesimama juu ya meza, na sauti iliyompa jina lake iliwafikia hata waliokuwa wamekuja kununua vitunguu. Mnadi huinua shati kwa upande usio na tundu. Kwake hilo halikuwa udanganyifu, ilikuwa ni namna ya kushika shati. Redio ya mji ilipotafuta mtu wa kutangaza mpira, mtu ambaye umeme ukikatika bado atasikika, wafanyabiashara wa soko walimsukuma mbele. Baadaye alifungua duka la spea za magari, akawa anauza beringi na mikanda ya feni siku za kazi, na Jumamosi anapanda kwenye kibanda cha watangazaji kule juu ya jukwaa.

Halafu, kwa ujasiri ambao hakuwahi kuutangaza popote, akaoa binti wa Kiwanda.

Baba mkwe wake alifanya kazi kwenye tanuri la saruji mpaka akastaafu, na vumbi na umri vikashirikiana kumharibia macho, hata sasa alikuwa anatofautisha mwanga na kivuli tu. Siku ya posa mzee hakuuliza habari za ukoo wala kazi.

"Timu gani?"

"Soko, baba. Lakini mtu hubadilika."

"Binti yangu ni mvumilivu," alisema mzee, na posa ikapita.

Tarumbeta hakubadilika. Kila Jumamosi mzee alisogeza kiti karibu na redio na kumsikiliza mkwe wake akiitukana timu yake kwa ufasaha, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika. Tarumbeta aliichukulia kuwa ni heshima ya ukwe.

Wengine hawakuwa wakwe. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la spea, palikuwa na kinyozi, kiongozi wa mashabiki wa Kiwanda katika mtaa ule. Siku ya mechi duka lake lilijaa watu ambao hawakuwa na nywele za kunyoa. Tarumbeta akitamka "bahati," walishangilia kwa pamoja. Akisifu nyasi, benchi zima lilisimama, na kinyozi aliinua mashine mbali na kichwa cha mteja. Tahadhari hiyo ilianza baada ya siku ambayo nyasi zilisifiwa bila kutarajiwa na mteja mmoja akaenda nyumbani na barabara katikati ya kichwa.

"Kaka Tarumbeta!" kinyozi alimwita kila Jumatatu. "Nyasi hazijambo?"

"Zinakua vizuri, ndugu yangu. Kuliko timu yenu."

Wiki ile mambo yalibadilika. Bosi wa redio, mama mmoja mpole ambaye upole wake ulikuwa na saa maalumu za kazi, alimwita studio, kile chumba ambacho kuta zake zimefunikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Hakumkaribisha kiti. Alimsikilizisha simu yake. Ilikuwa imejaa sauti za mashabiki wa Kiwanda, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alisema: "Mtangazaji wenu ana jicho moja, na hilo moja limevaa jezi."

"Hao nimewazoea," alisema bosi. "Lakini sasa meneja mpya wa kiwanda amepiga mwenyewe. Matangazo yake ya saruji ndiyo yanayotuwashia taa hizi. Jumamosi ni Soko na Kiwanda. Utatangaza kama binadamu asiye na timu. Ukishindwa, kiti anakaa msoma taarifa."

Msoma taarifa alikuwa kijana mwenye adabu, aliyesoma vifo na hali ya barabara kwa sauti moja. Aliwahi kupewa mechi ya kirafiki, na wasikilizaji wakadhani uwanja umefiwa.

"Bosi, kwani hilo nalo ni gumu?" alisema Tarumbeta. "Mimi niliuza makoti ya baridi jua la utosi. Nitashindwa kuuza haki?"

Alirudi nyumbani kifua mbele na kuanza mazoezi jikoni, mkewe akiwa anaosha vyombo.

"Haya," alisema mke. "Kiwanda wamefunga."

"Goli..." alikohoa. "Goli la..."

"Baba watoto, nikuletee maji?"

"Goli la Kiwanda. Ni. Zuri." Alilitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Alirudia mpaka neno likalainika. Mkewe alisuuza sufuria ya mwisho, akamtazama. "Sasa umekuwa kama yule kijana wa vifo," alisema. Tarumbeta alilichukua kuwa pongezi akaenda kulala.

Jumamosi, kipindi cha kwanza, alitenda haki mpaka haki yenyewe ikasinzia. Kiwanda wanamiliki mpira. Soko wanamiliki mpira. Mpira umetoka. Kiwanda walipofunga alisema ni goli zuri, la kiufundi. Soko waliposawazisha alisema ni goli zuri, la kiufundi. Chini yake, wafanyabiashara wa soko wenye redio masikioni waligeuza shingo na kumtazama kama ndugu aliyeuza nyumba ya familia bila kuwashirikisha. Upande wa pili, wa Kiwanda walitikisa redio zao wakidhani betri zimekwisha. Alisimuliwa baadaye kwamba kwa kinyozi hakuna aliyeshangilia lile goli la kwanza, na kinyozi akauliza, "Wamefunga kweli, au anatuigizia?"

Wakati wa mapumziko bosi alipiga simu. "Safi sana. Endelea hivyohivyo."

Alikuwa bado anajipongeza simu ilipolia tena. Alikuwa baba mkwe, ambaye hakuwahi kumpigia siku ya mechi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Mimi mzima, baba."

"Kuna mtu amekutisha?"

Tarumbeta alimgeuzia mgongo fundi mitambo wa kibandani.

"Leo sioni kitu," alisema mzee.

Tarumbeta alitaka kusema kwamba hilo si la leo, akajizuia kwa adabu. Mzee akaendelea taratibu, kama anayemweleza fundi mahali bati linapovuja.

"Miaka yote hii mimi ninaangalia mpira kwako. Ukisifu nyasi, najua vijana wetu wamevuka katikati. Ukikohoa, wameingia kwenye boksi. Ukishusha pumzi, mimi nimeshasimama, kwa sababu mpira uko wavuni na wewe bado hujapata nguvu ya kusema. Ile pumzi, mwanangu, ndiyo ninayoingoja wiki nzima. Leo wewe ni zuri, zuri, zuri. Tumefunga, mimi nimekaa kama gunia. Binti yangu ndiye aliyekuja kunigusa bega."

"Baba, wanasema ninapendelea."

"Si unapendelea kweli? Nani asiyejua? Saa yangu ya ukutani inakimbia dakika zilezile tangu nilipoinunua, na sikuwahi kuchelewa kazini. Leo umeisimamisha." Akakata simu.

Tarumbeta alikaa na ile simu mkononi. Alijua hesabu yake ilivyo: akiendelea kusema zuri, kipaza sauti ni chake, akirudia nyasi zake, unga umemwagika, na Jumamosi ijayo yeye ni muuza beringi tu. Timu zilirudi uwanjani. Alivuta kipaza sauti karibu na kukishika kama alivyokuwa akishika shati.

"Wasikilizaji, karibuni kipindi cha pili," alisema. "Anayewatangazia ni mtu wa Soko, aliyelelewa chini ya meza za Soko, na mnaojifanya hamjui mnajisumbua. Wa Kiwanda, chumvi nitatia kama kawaida, na mnajua nilipozoea kuiweka, iondoeni wenyewe. Ila mpira ukiingia nitasema umeingia. Hilo sijawahi kuwaficha."

Fundi mitambo alimtazama kama mtu anayeona gari likirudi nyuma bila dereva.

Kisha nyasi zikaanza. Zilikuwa za kijani, zilikuwa laini, zilikatwa na mtu anayeijua kazi yake. Upande wa Kiwanda jukwaa lilisimama. Kikohozi. Pumzi. "Bahati," alisema Tarumbeta, na kelele zikapanda hata kioo cha kibanda kikalia. Wa Soko nao walichangamka, kwa sababu ndugu yao amerudi, na wakaanza kumtukana refa kwa kufuata maelekezo yake.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni winga wa Kiwanda alipowazunguka mabeki wawili, akampita wa tatu, akabaki na kipa.

"Nyasi, wasikilizaji... nyasi hizi... mama yangu, nyasi!"

Alikohoa. Kisha akashusha pumzi ndefu hivi kwamba fundi mitambo aliinama kuangalia kama waya umechomoka.

"Bahati ya tatu," alisema mwishowe. "Na hii, lazima niseme, ina miguu miwili na imevaa namba saba mgongoni."

Katika maisha yake yote ya utangazaji, hilo ndilo lililokaribia zaidi kuwa sifa.

Bosi hakupiga. Jumapili nzima hakupiga. Mkewe alimwambia tu kwamba baba alisimama mara mbili, na mara ya pili kiti kikaanguka.

Jumatatu alifungua duka akakuta foleni. Ilikuwa ya watu wa Kiwanda, na aliyetangulia alikuwa kinyozi.

"Nipe plagi."

"Ya gari gani?"

"Gari sina. Nipe plagi, halafu unisemee ile ya tatu. Na pumzi yake."

"Hapa ni dukani, bwana. Si ninyi mliomjazia bosi simu mkitaka nifukuzwe?"

"Tulilalamika, ndiyo," alisema kinyozi, bila haya hata kidogo. "Kulalamika ni sehemu ya mpira. Nani alimwambia atusikilize? Kaka, yule kijana akitangaza ushindi wetu, raha iko wapi? Kushinda tutashinda. Tunataka tushinde na wewe tukusikie ukiumia."

Foleni nzima iliunga mkono. Ilikuwa bado inaunga mkono gari la bosi liliposimama mbele ya duka. Watu walimpisha. Aliingia, akaomba mpira wa waipa, akaugeuza mikononi kana kwamba amekuja kwa ajili hiyo tu.

"Meneja wa kiwanda alinipigia jana tangu asubuhi," alisema.

Tarumbeta alinyoosha shingo, kama mtu asiyetaka kusukumwa. "Bosi, nilichosema nimesema."

"Anataka ile ya tatu aipige kwenye spika za getini zamu zinapobadilishana. Sharti lake ni moja: pumzi isikatwe." Aliweka waipa mezani. "Kijana atarudi kwenye vifo vyake. Wewe Jumamosi usichelewe."

Alifika mlangoni, akasimama, akarudi hatua chache.

"Mimi sikuisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Uliposema wewe ni wa Soko, nilizima redio kwa hasira. Hebu."

Tarumbeta alivuta stuli na kupanda juu yake, kama enzi za meza na mitumba. Alitazama makopo ya oili yaliyopangwa kwenye rafu ya mbali, yakageuka mabeki watatu na kipa. Alizisifu nyasi. Alikohoa. Kinyozi aliinua mkono ili wote wanyamaze, na Tarumbeta akaishusha ile pumzi yote, taratibu, bila kuwapunguzia chochote, nao waliokuwa wamesimama tangu asubuhi wakajiona wanasimama upya.