Viatu vya Mama Kinyozi

Mama Kinyozi alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wake, na wembe wake haukuwa wa mchezo. Chumba alichoachiwa na marehemu mumewe kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa na benchi la wateja. Humo ndimo alimopata cha kuwasomeshea wanawe wote.

Kilichomwangusha ni ngazi ya mlango wa nyuma, iliyomwagikiwa maji ya sabuni. Kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Mfupa ukaunga vibaya, na miaka ilivyokwenda baridi yabisi ikahamia humo kama mgeni asiye na nia ya kuondoka. Jioni mguu ulivimba hata soksi haivuliki. Kazi ya kinyozi ni kusimama. Mama aliuona mwisho unakuja, akaukatalia katakata.

Akaenda kwa fundi viatu. Fundi akachukua jozi ya buti za kufunika kifundo, akang'oa soli, akaweka nyingine nene, ngumu, zilizopinda juu mbele na nyuma, kisigino cha sponji.

"Mguu utabingirika wenyewe, mama," alimwambia. "Kifundo hakitakuwa na haja ya kujikunja."

Kutembea kukawa raha tupu. Kusimama ndiko kulikomponza, maana aliyumba. Akarudi kwa fundi amekuja juu.

"Mimi si mchuuzi wa kutembeza vyombo! Nasimama na wembe shingoni mwa watu. Hapa katikati punguza, pawe bapa."

Fundi akacheka, akapasawazisha. Nyumbani mama akawa anajizoeza kwa kupaka puto povu la sabuni na kulinyoa, na yalipasuka mengi kabla ya moja kusalimika. Majirani wakambandika jina la Mama Mtumbwi. Akawajibu kuwa afadhali mtumbwi unaokwenda kuliko meli iliyokwama.

Asubuhi moja akaingia kifungua mimba wake, bwana wa ofisini, shati limenyooka. Alikuwa amepata mtu wa kuuza simu, wa kukichukua chumba.

"Pumzika sasa, mama. Na hivyo viatu! Iko siku utamkata mtu."

"Umemwahidi chumba changu?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nimeshakufa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Kaa hapo."

Akakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Benchi zima lilitoa macho.

"Nikikuchubua hata kidogo, funguo hizi hapa, kampe huyo mtu wako. Nisipokuchubua, sitaki kumsikia tena."

Akampaka povu. Tusifiche, mama aliogopa. Lakini mkono ulitulia. Alianza shavu la kushoto, akazunguka kiti, soli zikibingirika taratibu na kutua. Kijana aliing'ang'ania mikono ya kiti kama abiria wa gari bovu. Shavu la pili likaisha. Mama akamwinua kidevu, akashuka na wembe kooni, mahali pabaya kuliko pote, akingoja amsikie akimeza mate.

Hakumeza. Vidole vilikuwa vimeachia kiti, mdomo u wazi. Bwana wa ofisini alikuwa anakoroma.

Benchi likavunjika mbavu kwa kicheko. Mama hakucheka. Alimaliza koo bila mchubuko, akampangusa kwa taulo ya moto, akamgonga bega.

"Amka, baba. Wenzio wanangoja kiti."