Faili Lililofutwa Likabaki

Nilikuwa na wiki ya tatu tu kama kibarua wa kompyuta kwenye redio moja ndogo mjini Musoma, siku kompyuta ya studio ilipojaa. Ilikuwa saa nane mchana. Mama mmoja mkulima wa pamba alikuwa amefika kutoka Bunda kurekodi kipindi, na mtangazaji alipobonyeza kitufe, mashine ikakataa: hakuna nafasi.

Meneja wetu, mzee aliyezoea mitambo ya zamani, akaniita. "Binti, hii mashine ilikuwaga haijai. Umefanya nini?"

"Sijagusa kitu, mzee. Rekodi za zamani zimerundikana. Nina programu ya kuzifuta."

Programu hiyo niliiandika mwenyewe chumbani kwangu, mtaa wa Kitaji. Inaingia kwenye folda, inauomba mfumo endeshi wa kompyuta ufute faili moja baada ya jingine, halafu ndiyo inaomba folda yenyewe iondolewe. Lazima ifuate mpangilio huo, kwa sababu mfumo haukubali kuondoa folda yenye kitu ndani. Ilinihangaisha wiki nzima mpaka ikanitii. Meneja alipothibitisha kuwa folda ya rekodi za zamani haihitajiki, nikaiendesha. Ikamaliza bila kulalamika, na folda haikuwepo tena.

Nikaangalia nafasi. Bado karibu sifuri.

"Sasa umefuta nini?" meneja akauliza, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kama angefoka.

Mama wa Bunda alikuwa kwenye benchi, ananitazama. "Mwanangu, usiwe na haraka," akasema. "Gari langu ni la saa kumi na moja."

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikajiuliza ile amri ya kufuta inaondoa nini hasa. Inaondoa jina la faili. Yaliyomo yanabaki kwenye diski ikiwa kuna programu ambayo bado imelifungua. Nikatoa orodha ya mafaili yaliyo wazi, nikaipitia mstari kwa mstari, na hapo nikaliona: faili moja kubwa ajabu, kuliko mengine yote kwa pamoja, lililokuwa ndani ya ile folda. Pembeni limeandikwa kuwa limefutwa, lakini bado limeshikiliwa na programu inayonakili matangazo yetu. Programu hiyo haikuwahi kuzimwa tangu kabla sijafika pale.

"Mzee, naomba niizime hii, niiwashe upya kwenye folda nyingine."

"Matangazo yatakatika?"

"Hapana. Yenyewe inanakili tu kinachokwenda hewani."

Akaitazama skrini. "Haya, zima."

Nikaizima, nikaiwasha upya, nikaangalia nafasi tena. Zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu. Nilisimama mikono juu kama mtu aliyefunga goli. Mtangazaji akacheka, mama akapiga makofi bila kujua kilichotokea, na muda si mrefu alikuwa studio akieleza namna ya kupanda pamba kwa mistari.

Meneja akaniomba nimweleze tatizo lilikuwa nini. Nikamweleza mara mbili, na mara ya pili alichukua kalamu akaandika.

"Kesho uje na vyeti vyako," akasema. "Tunakuajiri."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimpigia simu mama yangu, anayeishi Manyamanyama. Habari za faili hakuzielewa, lakini neno ajira alilielewa. Alipiga vigelegele mpaka nikawasikia majirani wakimuuliza kulikoni.